Wezi wameingia usiku: ufanye nini ili mpelelezi ampate mhusika na kesi isimame

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nimeibiwa, nianzie wapi? Sura ya mwizi nimeiona, inatosha? Mbona simu yangu imekutwa kwa mtu halafu mahakamani akaachiwa? Mwongozo huu unajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia wezi wanapotoka mlangoni hadi siku unapoitwa kituoni kumtambua mtu. Unafuata utaratibu wa Tanzania Bara. Ukiwa Kenya mengi yanafanana, ila RB ya huku (kumbukumbu ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo cha polisi) kule inaitwa OB, na PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) inaitwa P3.

Mpelelezi ana njia kuu tatu za kumfikia mhusika: macho ya shahidi, alama alizoacha mwizi, na mali inakokutwa. Zote tatu huharibika ndani ya saa chache za mwanzo, na mara nyingi anayeziharibu ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo sehemu ndefu ya mwongozo huu ni ya usiku uleule na asubuhi yake.

Uwe na hivi kabla hujaibiwa

- Namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa kifaa, za simu zote za nyumbani. Piga *#06#, itatokea namba ya tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili; andika zote. Ziandike kwenye daftari, maana ukizihifadhi ndani ya simu hiyohiyo zitaondoka nayo.
- Risiti na namba za mashine za televisheni, kompyuta na mtungi wa gesi. Kwa pikipiki, namba ya chasisi na ya injini.
- Alama yako ya siri kwenye vitu vya bei. Herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya msumari chini ya kitako cha televisheni zina nguvu mahakamani kuliko maneno “ilikuwa nyeusi, inchi 32”.
- Daftari, kalamu mbili, tochi, rula ya shule ya sentimita 30, bahasha za kaki na mabeseni mawili.
- Namba 112 ya dharura, namba ya kituo chenu, ya mwenyekiti wa mtaa na ya jirani anayepokea simu usiku.

Hatua

1. Watu kwanza. Aliyeumia apelekwe kutibiwa, na PF3 ichukuliwe kituoni mapema iwezekanavyo, kwa sababu ndiyo fomu ambayo daktari ataandikia majeraha. Nguo zenye damu au zilizochanwa zisifuliwe wala kutupwa.

2. Funga eneo la tukio. Ukipiga yowe, majirani watakuja, nao wataingia mpaka chumbani kuona palipovunjwa. Wapokee nje. Weka mtu mmoja mlangoni, na chagua njia moja tu ya kupita, ile ambayo wezi hawakuitumia. Usifagie vioo, usirudishe droo, usifunge dirisha lililong'olewa.

Alama ya kidole ni jasho na mafuta ya ngozi yaliyobaki juu ya kitu. Hukaa vizuri kwenye kioo, plastiki, sahani, chuma kilichopakwa rangi na kabati lililopigwa vanishi. Kwenye tofali, saruji na mbao isiyorandwa ni nadra kupatikana. Ukishika kioo kilekile unaweka alama yako juu ya ya mwizi, na ukikipangusa umezifuta zote. Angalia hasa vioo vya dirisha la shata: mwizi hulazimika kuvichomoa kimoja kimoja na kuviweka chini, na kila kimoja amekishika kwa vidole vyote. Vikiwa vimepangwa vizuri ukutani nje, hapo ndipo pa kumwonyesha mpelelezi kwanza. Usivirudishe dirishani.

Alama ya kiatu kwenye udongo ifunike kwa beseni lililogeuzwa, lisiguse alama yenyewe. Kabla ya kufunika, piga picha: rula iwe pembeni ya alama, simu iwe juu yake wima kabisa. Usiku, mtu wa pili ashike tochi chini karibu na ardhi, amulike kwa ubavu, vivuli vitaonyesha mistari ya soli. Ukimulika kutoka juu utapata picha ya udongo mtupu.

Kitu alichoacha mwizi, iwe kofia, ndala, bisibisi, chupa ya maji au kipisi cha sigara, kiache palepale. Ikiwa mvua inakaribia kukisomba, piga picha kwanza, kishike kwa karatasi safi pembezoni, kiweke ndani ya bahasha ya kaki, kila kitu na bahasha yake, na andika juu yake saa, mahali na jina la aliyekiokota. Usitumie mfuko wa nailoni. Nailoni hufungia unyevu, unyevu huzalisha bakteria, na bakteria huharibu vinasaba vilivyo kwenye jasho, mate au damu.

3. Andika ulichokiona, peke yako, kabla hujaongea na mtu. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayoamua kesi nyingi. Mkikaa sebuleni kusimuliana, mmoja akasema “yule mwenye kovu”, baada ya nusu saa nyote mtakuwa mmeona kovu. Hakuna anayedanganya, kumbukumbu ndivyo zinavyoingiliana. Kila aliyekuwemo apewe karatasi yake na kona yake.

Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, kwa hiyo hakimu hamfungi mtu kwa “nilimwona vizuri”. Tangu shauri la mrufani aitwaye Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania inataka kila uwezekano wa kumfananisha mtu uondolewe, na maswali yake ndiyo ya kujibu kwenye karatasi yako:

- Ulimwona kwa muda gani?
- Alikuwa umbali gani?
- Mwanga ulitoka wapi, wa aina gani, na ulikuwa na nguvu kiasi gani?
- Ulikuwa unamfahamu au umewahi kumwona kabla, wapi, mara ngapi?

Maelezo dhaifu ni haya: “Kulikuwa na mwanga wa kutosha, nikamwona kijana mrefu mweusi.” Maelezo yanayosaidia ni haya: “Taa ya barazani ilikuwa inawaka, balbu nyeupe ya wati 9, iko juu ya mlango. Yeye alisimama chini yake, mimi nilikuwa mlango wa chumbani, kama hatua tatu. Nilimwangalia usoni tangu aliposema nitoe simu mpaka aliponigeuza ukutani, muda wa kuhesabu hadi ishirini. Utosi wake ulikuwa chini ya fremu ya mlango kwa kiganja kimoja. Panga alishika mkono wa kushoto. Jino la mbele la juu lina pengo. Sauti ya kukwaruza. Sijawahi kumwona.”

Urefu upime kwa kitu kilichopo, mlango au friji, mpelelezi atakuja na futi kamba. Anza na visivyobadilika: umbo, masikio, meno, kovu, mwendo, mkono anaotumia, lafudhi. Nguo ziandike mwisho, kwa sababu anaweza kuzivua njiani. Kama tochi ilikuwa mkononi mwa mwizi naye anakumulika wewe, sema hivyohivyo: mwanga wa aina hiyo unamwonyesha yeye sura yako, wewe unakupofusha. Usijaze pengo. Ambacho hukukiona andika “sikuona”.

4. Toa taarifa, na taja jina saa hiyohiyo kama unalo. Piga 112 au nenda kituoni. Kutoa taarifa ni bure. Utapewa namba ya RB. Iandike na utunze, ndiyo utakayoitumia kila mahali. Ikiwa ulimtambua mmoja wao, mtaje kwa mtu wa kwanza utakayemwona, iwe jirani, mwenyekiti wa mtaa au askari wa kaunta, na mtaje tena kwenye RB. Mahakama zinachukulia kumtaja mhusika mapema kama uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwa shahidi. Anayelitaja jina siku ya nne, wakati alikuwa na polisi sebuleni siku ya kwanza, ataulizwa na wakili jina hilo amelitoa wapi.

Onyo: usiende kwa mganga kupiga ramli umjue mwizi. Jina likishatoka huko, wewe na majirani mtaanza kumkumbuka mtu huyo usiku ule, na ushahidi wenu halisi utakuwa umechafuliwa. Mwizi akikamatwa na wananchi, asipigwe. Kumpiga ni kosa, na aliyeuawa hawezi kusema mali imeuzwa kwa nani.

5. Linda fedha, lakini simu iache ikiwa hai. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wafunge laini na akaunti ya fedha mara moja. Kama ulilazimishwa kutuma pesa, usifute ujumbe wa muamala; ujumbe ukiwa umepotea pamoja na simu, omba taarifa ya miamala. Namba ya muamala, saa na namba iliyopokea ni uzi mzuri sana kwa mpelelezi, maana laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Hiyo haina maana kwamba aliyesajili ndiye mwizi, ila ni mtu wa kuulizwa.

Kufungia IMEI kusubiri mpaka uongee na mpelelezi. Simu iliyofungiwa haitawashwa kwenye mtandao, na isipowashwa haonekani aliyeweka laini yake ndani. Taarifa hizo kampuni ya simu huwapa polisi kwa maombi rasmi. Wewe ukienda dukani kwao hutapewa, na anayekuahidi kukutafutia kwa malipo anakula pesa yako.

6. Toa maelezo ya maandishi. Mpelelezi wa kesi atakaa na wewe aandike. Chukua karatasi yako ya hatua ya 3. Simulia kwa mfuatano, yeye ataandika kwa maneno yake, na hapo ndipo penye hatari: “kama hatua tatu” inageuka “karibu”, na pengo la jino linasahaulika. Kabla ya kusaini, soma ukurasa kwa ukurasa au usomewe. Kosa likionekana, lirekebishwe na usaini pembeni ya rekebisho. Usione haya kumrudisha afande nyuma. Mwaka mmoja baadaye wakili wa utetezi atashika karatasi hiyo na kulinganisha kila neno na unachosema kizimbani.

7. Mpelelezi anapofika nyumbani, mwonyeshe, usimshikie. Mpitishe kwenye njia uliyochagua. Mpe orodha ya wote walioingia na walichogusa. Msishangae wenye nyumba mkichukuliwa alama za vidole: zenu zinatolewa kwanza ili zibaki za mgeni. Kama kuna kamera kwako au kwa jirani, washa simu yako, weka saa yake karibu na saa ya rekoda na upige picha ya pamoja. Rekoda nyingi zina saa iliyopotea, na tofauti ya dakika 40 isiyoelezwa inaweza kumpa mtuhumiwa ushahidi kwamba alikuwa kwingine. Rekoda hujifuta yenyewe diski ikijaa, nyingine ndani ya siku chache, kwa hiyo liseme hilo siku ya kwanza. Video iliyorekodiwa kwa simu kutoka kwenye skrini ni ya kusaidia kutafuta tu. Mahakamani inahitajika kutoka kwenye kifaa chenyewe.

8. Mali ikikutwa, ieleze kabla hujaionyeshwa. Ukipigiwa simu “njoo uangalie televisheni”, usikimbilie kusema “ndiyo hiyo!” Omba kwanza uandikiwe maelezo ya alama zake: mkwaruzo uko wapi, kitufe gani kimezama, namba ya mashine ni ipi, herufi zako ziko upande gani. Kisha ndipo ionyeshwe. Aina na rangi peke yake haitoshi, maana televisheni za namna hiyo ziko maelfu.

Sheria inamruhusu hakimu kumhesabu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni kuwa ndiye mwizi, asipotoa maelezo yanayoingia akilini. Masharti ni manne: mali iwe imekutwa kwake, ithibitike kuwa yako, wizi uwe wa karibuni, na mali iwe ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Neno “karibuni” hutegemea kitu. Simu hupita mikono mitatu kwa wiki moja. Trekta haliuzwi hivyo. Upekuzi ukifanyika uwe na hati ya ukamataji mali iliyosainiwa na aliyepekuliwa, askari na shahidi huru, kwa kawaida mwenyekiti au mjumbe wa mtaa. Tangu hapo kila mkono uliopokea kitu hicho uandikwe. Televisheni iliyokaa “ofisini kwa mtu” bila karatasi inaweza kukataliwa kama kielelezo.

9. Gwaride la utambuzi. Hufanywa pale tu ambapo mtuhumiwa ni mgeni kwako. Kama unamjua kwa jina, gwaride halina kazi, utamtaja, basi. Kanuni zake ni za zamani, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliziweka wazi mwaka 1936 katika shauri la Mwango, na leo ziko kwenye amri kuu za polisi. Kwa ufupi, haya ndiyo utakayoyaona:

- Mtuhumiwa anapangwa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na mwonekano. Anachagua mwenyewe mahali pa kusimama, na anaruhusiwa kuhama kila baada ya shahidi.
- Anaarifiwa haki yake ya kuwa na wakili au rafiki hapo.
- Mpelelezi wa kesi yako haendeshi gwaride. Ni askari mwingine.
- Mashahidi mnakaa mbali na gwaride, mnaingia mmoja mmoja, na aliyetoka hakutani na anayesubiri.
- Ukimtambua, unamgusa. Kila kitu kinaandikwa kwenye fomu PF 186, hata manung'uniko ya mtuhumiwa.

Chukua muda wako. Tembea mstari mzima mpaka mwisho, rudi, ndipo uamue. Unaweza kuomba wageuke au watembee, kwa sababu mwendo wakati mwingine unakumbukwa kuliko sura. Inawezekana kabisa mtu uliyemwona hayupo kwenye mstari, na kusema “simwoni” ni jibu sahihi. Kumgusa anayefanana naye kunaweza kumfunga asiyehusika, na aliyekuwekea panga shingoni akabaki mtaani.

Kosa linaloua magwaride siku hizi ni picha. Kijana anakamatwa asubuhi, saa sita picha yake iko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, jioni mashahidi wanaitwa kutambua. Hapo mnaitambua picha, na wakili akiligundua gwaride limekufa. Ukisikia mtu amekamatwa, toka kwenye makundi kwa muda na usiende kituoni kuchungulia mahabusu. Kumbuka pia kwamba gwaride linategemea hatua ya 3 na ya 6: kama hukutoa wasifu wake kabla, kumgusa kwako hakuna cha kulinganishwa nacho.

Mambo yakikwama

Watu walishakanyaga kila mahali, au mvua imenyesha. Usikate tamaa ukafagia. Alama za ndani zinabaki: upande wa ndani wa kioo, sanduku la chuma lililofunguliwa, chupa ya soda waliyokunywa kutoka kwenye friji lako.

Kaunta wanasema rudi kesho. Omba kwa upole kuonana na mkuu wa kituo. Ikishindikana, nenda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, OC-CID, ukiwa na namba ya RB na tarehe ulizofika. Tarehe zilizoandikwa husikilizwa kuliko malalamiko.

Niliogopa, nikalitaja jina baadaye. Rudi utoe maelezo ya nyongeza na useme ukweli wa sababu: ulitishiwa, ulikuwa hospitali hujitambui. Kuchelewa kwenye maelezo ya kuridhisha kunakubalika. Kuchelewa kimya ndiko kunakoangusha ushahidi.

Nimeshaiona picha ya mtuhumiwa. Mwambie mpelelezi kabla ya gwaride. Ataandika na kutafuta njia nyingine. Ukificha, swali litakuja kizimbani.

Simu imekutwa kwa mtu aliyeuziwa. Mara nyingi huyu ni ngazi ya kumfikia mwingine. Atatakiwa kumtaja aliyemuuzia, lini, kwa bei gani, mbele ya nani. Usimalizane naye pembeni kwa kurudishiwa simu; kifaa hicho ni kielelezo, na ukikichukua kimyakimya uzi umekatika hapo.

Shahidi ni mimi peke yangu. Sheria ya ushahidi haiweki idadi ya mashahidi, mmoja anaweza kutosha. Ila hakimu atakuwa mwangalifu zaidi kama ulimtambua usiku, na atatafuta kitu cha kukuunga mkono: alama ya kidole, mali, muamala wa simu. Mkumbushe mpelelezi yote uliyoyahifadhi.

Mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana. Dhamana siyo kuachiwa kwa kesi. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, lakini makosa mengi ya wizi yana. Usimfuate, usijibizane naye. Akikutisha, fungua RB mpya kwa tishio hilo.

Umehama au umebadili namba. Mjulishe mpelelezi siku hiyohiyo. Kesi inaweza kuondolewa kwa sababu wito umepelekwa kwenye nyumba ambayo shahidi hayupo tena. Mpe na namba ya pili, ya ndugu ambaye hahamihami.